Kumi Kabla ya Mbili

Wifi yangu haombi ruhusa kukata kitu. Mkate, sabuni, hadithi, maneno ya mtu yakiwa bado mdomoni, vyote anakata. Ndiyo maana mtaani na kazini wanamwita Kipande, naye huitika bila kinyongo. Ni dada wa mume wangu, kamzidi miaka mitatu, mfupi wa kimo, mwepesi wa mguu, na mdomo wake Mungu aliuumba akiwa na haraka akasahau kuuwekea kifuniko.

Jina hilo alilipatia kwangu. Siku tulipohamia nyumba tunayokaa sasa, kabati la nguo lilikataa kupita mlangoni. Wanaume watano walilisukuma, wakalilaza, wakaliinamisha, mwisho wakalitukana. Wifi akaja na msumeno.

"Chumba kipo, mlango ndio mdogo," alisema. "Sasa mnagombana na kabati kwa kosa gani?"

Akalikata vipande vitatu, akavipitisha kimoja kimoja, akaviunga upya ndani kwa misumari. Kazi safi kabisa, isipokuwa kipande chenye kioo alikipachika chini na chenye rafu akakiweka juu. Huu mwaka wa kumi na nane, mimi kwenye kioo changu naona miguu. Viatu vyangu navijua vizuri sana. Kama uso umezeeka, sina habari.

Nilipolalamika alinijibu, "Wifi, kabati limeingia, halikuingia?"

"Limeingia."

"Basi."

Kazi yake ni hospitali, chumba cha kumbukumbu. Aliajiriwa kupanga kadi za wagonjwa kwenye makabati ya chuma. Baadaye ikaletwa kompyuta, kubwa kama friji, yenye kelele kama mashine ya kusaga, inayokwenda kwa mfumo uitwao Unix. Mfumo huo hauna picha wala mapambo. Unaandika amri, unajibiwa maneno mawili, au hujibiwi kabisa, na kutojibiwa ndiyo dalili kwamba mambo ni mazuri. Bwana aliyeileta alifundisha watu sita kwa wiki mbili. Watano wakahama. Akabaki Kipande na vitabu tisa vya maelekezo, akavisoma kama mtu anayesoma barua za mapenzi za jirani, yaani polepole, kwa kurudia, na bila aibu.

Kompyuta hiyo aliibatiza Ajuza. Kwa miaka ishirini na miwili alimlisha Ajuza kadi ya kila aliyezaliwa pale, aliyelazwa pale na aliyeshonwa pale. Kadi za zamani, zile za enzi za wino wa chupa, alizipiga picha moja baada ya nyingine. Mpya aliziandika mwenyewe kwa vidole viwili. Vyote kwa pamoja vikaitwa Daftari. Ukienda na mtoto anayeumwa ukasema hukumbuki alichomwa sindano gani mwaka juzi, Kipande anakuambia, na anakuambia pia kwamba siku ile ulikuja umevaa kandambili tofauti.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazama geti la hospitali, nashona mashuka yao, mapazia yao na sare za wauguzi. Kila mchana wifi huja kula kwangu. Jumatatu moja alikuja hakula. Nikajua kuna msiba au kuna bosi.

"Bosi," alisema.

Bwana Katibu wa hospitali alikuwa mgeni, mwaka haujatimia, mtu wa mafaili ya rangi na saa ya mkononi anayoitazama wewe ukiwa unaongea. Alikuwa amenunua kompyuta mpya na kumleta Mtaalamu wa kuifunga. Asubuhi ile akamwita wifi ofisini akamsomea mambo kama hakimu. Ijumaa saa kumi jioni fundi umeme atazima chumba cha Ajuza, na Ajuza ataenda kwenye chuma chakavu. Daftari likiwa limeshahamia kwenye kompyuta mpya, zima, wifi atakuwa na kiti chumba kipya. Lisipohama, Mtaalamu ataanza daftari jipya tangu ukurasa wa kwanza, na wifi kuna kiti chake stoo ya magodoro. Barua ya uhamisho ilikuwa imeshapigwa chapa, amemwonyesha.

"Magodoro," nilisema.

"Magodoro, wifi. Miaka ishirini na miwili, nikahesabu magodoro yenye mikojo."

"Sasa si ulihamishe hilo Daftari?"

"Mtaalamu amejaribu mara tatu. Mara tatu limekatika njiani. Anasema Ajuza anakufa."

Akachukua kijiko, akakirudisha. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. "Wifi, mgonjwa hafi mara tatu dakika ile ile."

Maana yeye alikuwa ametazama. Mara zote tatu nakala ya Daftari ilisimama kwenye namba moja, bila kuzidi, bila kupungua. Akaniandikia kwa chaki yangu juu ya meza ya kukatia: 2147483647.

"Hii ni nini, simu ya mtu?"

"Ndiyo urefu wa mwisho wa faili kwa mashine za umri wake. Herufi bilioni mbili na ushei. Diski ina nafasi tele, lakini faili moja likifika hapo linagota, ukuta."

"Na hiyo saba ya mwisho? Si wangemalizia namba iliyonyooka?"

"Kwa hesabu zao hiyo ndiyo imenyooka, ila imepungua moja. Wanaanza kuhesabu na sifuri, sifuri imekalia kiti cha mtu."

"Watu wabahili hao. Hata moja?"

"Hata moja."

Nikamuuliza kwa nini asilikate, yeye ambaye hata kabati hakuliogopa. Akasema Daftari lenyewe mle ndani halina neno, limelala diski nne. Shida ni programu ya kutolea nakala. Iliandikwa na kampuni iliyofungwa zamani, na ina kiburi, inataka kuandika faili moja, lenye jina moja, na kukata haijui. Faili likishindwa kuisha, huna cha kukata.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kitambaa nakijua. "Shuka la wodi nzima sisubiri litoke lote kwenye jora ndipo nikate," nilimwambia. "Meza yangu haitoshi. Nalivuta, nakata, nalivuta, nakata. Jora halijui kama linakatwa, linajua linavutwa tu."

Wifi alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akala sahani yote, akala na yangu, akaondoka bila kuaga.

Jumanne nilikuwepo mwenyewe. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushona mapazia ya chumba kipya, kwani kompyuta mpya, walisema, haipendi jua. Vyumba viwili vimepakana, katikati kuna mlango ambao haufungi. Nimo na futi yangu shingoni napima dirisha, upande wa pili Kipande yuko mbele ya Ajuza, na nyuma yake kasimama Mtaalamu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, miwani juu ya kichwa, tai inayoishia kifuani. Huyu bwana kila sentensi alianza na kimsingi. Nadhani hata akiota huanza na kimsingi.

"Kimsingi, mama, mashine imechoka."

"Sijambo, baba, na wewe?" wifi alijibu, vidole viwili vikicheza.

Alichofanya alinieleza baadaye kwa mikono, akitumia bomba la sinki langu. Unix ina kitu kinachoitwa bomba. Ukilitazama kwenye orodha lina jina kama faili, linakaa kama faili, lakini ndani ni tupu, kinachoingia huku kinatokea kule. Basi wifi akatengeneza bomba, akalipa jina la faili, akaiambia ile programu yenye kiburi, mwandikie huyu. Upande wa pili wa bomba akamweka mkataji, amri ambayo kazi yake ni kupokea na kukata kila kipande kabla hakijafika kwenye ukuta. Programu ikamwaga. Mkataji akakata. Ile yenye kiburi mpaka inamaliza ilidhani inaandika faili moja refu, la heshima.

"Umeidanganya mashine," nilimwambia.

"Sijaidanganya. Imeniuliza faili liko wapi, nikaionyesha. Haikuniuliza kama lina kitako."

Saa tisa mchana vilikuwa vipande kumi na kimoja, vikubwa kumi na kidogo kimoja cha mwisho. Mtaalamu alishusha miwani, akavitazama, akairudisha juu. "Kimsingi, inawezekana," alisema, kwa uchungu.

Sasa hapo ndipo kiburi kilihama kutoka kwenye programu kikamwingia wifi yangu. Mkataji huvipa vipande majina yake mwenyewe, herufi mbili mbili, aa, ab, ac, hivyo hivyo. Wifi akasema hapana. Ajuza amekula macho yangu miaka ishirini na miwili, kabla hajafa atahesabu Kiswahili. Akaviita upya moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi, na kile kidogo akakiita kuminamoja, neno moja, maana nafasi katikati ya jina mashine haizipendi. Nikampigia makofi. Ndiyo, nilipiga makofi, sifichi, ujinga tuliufanya wawili.

Jumatano vipande vikapita kwenye waya kwenda kompyuta mpya, kimoja kimoja kama watoto wa shule wanaovuka barabara. Alhamisi ikawa zamu ya Mtaalamu kuviunganisha. Kompyuta mpya wifi hakuruhusiwa kuigusa. Nayo ni ya ukoo uleule wa Unix, ila ya kizazi cha leo, haina ule ukuta. Amri ya kuunganisha ina herufi tatu ambazo kwa Kiingereza ni paka. Unaandika paka, unataja vipande, paka anaviunga. Na kama huna subira ya kutaja vipande, unaweka nyota, na nyota maana yake ni vyote.

Mtaalamu hakuwa na subira. Akaweka nyota.

Saa nane mchana ule wifi alikuja dukani, akakaa juu ya jora la khaki.

"Limekataa," alisema. "Paka ameunga, urefu umetimia mpaka herufi ya mwisho, hakuna hata chembe iliyopotea. Lakini likifunguliwa kompyuta mpya inasema hili si Daftari. Mtaalamu ameshamwambia Katibu kwamba limeozea kwa Ajuza. Kaniambia, kimsingi, mama, pole."

"Urefu sawa?"

"Sawasawa."

"Halafu si Daftari?"

"Si Daftari. Wifi, hivi magodoro yanahesabiwa kwa urefu au kwa upana?"

Nilimpa kitambaa ajifute, akapenga nacho, kilikuwa kipande cha sare ya matroni.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikwenda kutundika mapazia. Wifi alikuwa kwa Ajuza anapangusa vumbi, kama mtu anayemwosha maiti. Mtaalamu ametoka kunywa chai. Ukutani, kwa ajili ya Katibu, alikuwa amebandika karatasi yenye orodha ya vipande alivyounganisha, kama paka alivyovipokea. Nikiwa na ndoano za pazia mkononi nikaisoma kwa sauti, kwa sababu mimi chochote kilichobandikwa husoma.

"Kumi. Kuminamoja. Mbili. Moja. Nane. Nne. Saba. Sita. Tano. Tatu. Tisa." Nikageuka. "Wifi, nani kahesabu hivi? Mlevi?"

Kitambaa cha vumbi kikaanguka chini.

Akaja mbio, akasoma kwa kidole. "Alfabeti," alisema. "Nyota inapanga kwa alfabeti. Alfabeti! Ka iko mbele ya ma, ma mbele ya na, na mbele ya sa..."

"Yaani kompyuta mpya haijui kwamba moja inatangulia mbili?"

"Haijui. Kwake hilo ni neno tu. Ningemwachia Ajuza aa na ab zake, zingejipanga zenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha Kiswahili!"

"Umeweka kioo chini," nilimwambia.

Alinitazama kwa chuki, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Hakuna kilichooza. Daftari lilikuwa zima, limevaa shati miguuni tu. Kilichobaki ni kuunga upya kwa mpangilio, na Mtaalamu akaingia na kikombe chake.

"Vile vipande viko wapi?" wifi alimuuliza akiwa bado chini.

"Kimsingi, nimesafisha. Vilikuwa vinachukua nafasi."

Amefuta. Kwenye kompyuta mpya havipo. Vilibaki kwa Ajuza tu, na kila kipande kinachukua karibu dakika ishirini na tano kwenye waya. Wifi akahesabu kwa midomo, kisha akasimama. Kabla ya saa kumi inawezekana, lakini kama chungu kilicho kwenye ukingo wa meza.

Akanivuta mlangoni, akanong'ona. "Nikimtajia mpangilio atasahau. Kile kidole chake kinapenda nyota. Lazima majina yajipange yenyewe."

"Rudisha aa na ab."

"Nirudishe? Halafu aniulize kwa nini, nimwambie kwamba mimi na kumi yangu ndio tuliovuruga, akamwambie Katibu? Magodoro yako pale pale, wifi." Akatafuna kucha. "Nataka majina ambayo hata mtoto wa chekechea hawezi kuyavuruga. Nitajie watu wa nyumbani."

Nikamtajia. Yeye akachambua kwa alfabeti kama anayechambua mchele. Ikatoka hivi: baba, bibi, dada, kaka, mama, mjomba, mkwe, shangazi, shemeji, wajukuu, wifi. Kumi na moja kamili.

"Mimi wa mwisho?"

"Alfabeti, si mimi."

"Tena kile kipande kidogo!"

"Kidogo lakini ndicho kinachofunga. Bila wewe Daftari liko wazi kama suruali bila zipu. Umeridhika?"

Niliridhika nusu. Saa tatu na nusu baba akaingia kwenye waya.

Mtaalamu, alipoona majina, alishusha miwani. "Mama, hii familia ni ya nini?"

"Utaratibu wa Unix ya zamani," wifi alisema, uso mkavu kama ubao. "Mfumo wa kifamilia huu. Vipande vikiwa vya ukoo mmoja havikataani."

"Kimsingi..." Akatoa kitabu chake kidogo, akaandika. Naapa aliandika. Alipofika mwisho wa orodha akakunja uso. "Lakini hapa hatujafunga waifai."

"Siyo waifai, baba. Wifi. Mke wa kaka yangu, huyo hapo juu ya ngazi."

Nikampungia mkono.

Mambo yalikwenda. Dada, kaka, mama. Saa sita na robo mjomba amepita, mkwe yuko njiani, na hapo ndipo akaingia fundi umeme na kisanduku chake cha vifaa. Ana kazi nyingine upande wa pili wa mji, anataka kumaliza mapema, anazima sasa hivi. Sanduku la swichi za chumba cha Ajuza lilikuwa kwenye ukuta wa chumba kipya, juu, karibu na dirisha. Na mbele ya sanduku hilo nilikuwa mimi, kwenye ngazi, na pazia zito mita nne.

"Mama, shuka nizime."

"Hmm?" Nilikuwa na pini mdomoni.

"Nasema shuka."

"Nishuke na pini kumi na mbili mdomoni, nikijikwaa nizimeze? Utanishona wewe?"

"Kwani unamaliza saa ngapi?"

"Ukinishikia ngazi, mapema. Usiponishikia, Jumatatu. Na huo mwisho wa pazia nyanyua, baba, unaburuta."

Akashika ngazi. Wakati huo nilikuwa nimeshalishonea pazia ukutani juu ya sanduku, mshono wa mkono, mishono midogo midogo, kwenye utepe niliougongomea kwa misumari. Mtu akitaka swichi ilibidi kwanza afumue, na kufumua kazi yangu unahitaji wembe, subira na moyo. Fundi umeme hakuwa navyo. Baada ya nusu saa alikuwa anasema, "Kushoto kumepinda kidogo, mama." Baada ya saa nzima alikuwa ananitilia uzi kwenye sindano, tena kwa mara ya kwanza tu unaingia. Nilimwambia amekosea fani.

Kutoka chumba cha pili Kipande alikuwa anaita kila jamaa akipita, kama kondakta. "Shangazi amefika! Shemeji anaingia!" Wauguzi wawili waliopita nje walisimama, wakauliza kama kuna harusi.

Saa nane kasorobo wajukuu wakafika. Wifi, kwa udogo wake, akapita kwa dakika tano tu. Sasa paka. Mtaalamu akakaa, akanyoosha vidole, na kama alivyotabiriwa, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye nyota. Mimi na Kipande hatukutazamana, tungecheka. Paka akala karibu saa mbili. Fundi umeme alikuwa amekaa kwenye kisanduku chake, amesahau mji una upande wa pili.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili Bwana Katibu akaingia, faili jekundu kwapani, macho kwenye saa. Barua ilichungulia kwenye faili.

"Tumefikia wapi?"

"Kimsingi, linafunguka," Mtaalamu alisema, na sauti yake ilipanda juu kama ya kijana anayebalehe. "Limefunguka!"

"Kufunguka si kufanya kazi. Tafuteni jina."

"Jina gani, Bwana Katibu?" Kipande aliuliza. Mara ya kwanza aliruhusiwa kusogea kwenye kompyuta mpya, na alisogea kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuiona.

"Lolote."

"Lolote?"

"Mama, nimesema lolote, muda unakwenda."

Vidole viwili vikacheza. Kwenye kioo ikatokea kadi ya zamani, picha, mwandiko wa mkunga wa enzi hizo, wino umefifia lakini unasomeka. Kipande akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano. Jina la Katibu. Jina la mama yake. Tarehe, miaka arobaini na mmoja nyuma. "Mtoto wa kiume. Uzito kilo mbili na nusu. Maelezo: mkaidi. Hakulia mpaka kofi la tatu."

Fundi umeme alikohoa. Mimi nilitia uso kwenye pazia.

Bwana Katibu aliitazama kadi ile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote kisicho saa. Alisogea, akagusa kioo pale penye jina la mama yake. "Mkunga aliandika hivyo?"

"Mwandiko wake huo. Mimi sikuongeza wala kupunguza."

"Kilo mbili na nusu," alisema taratibu. Halafu akajikusanya. "Ifunge hiyo."

"Nifunge kadi, au nifunge virago niende stoo?"

"Funga kadi." Akaitoa ile barua, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, ikawa nene, haikuingia mfukoni.

"Nikukatie?" Kipande alimuuliza.

Alimpa. Na wifi yangu aliikata kwa mkasi wangu, vipande vinne vilivyolingana, akavitupa bila kuvipa majina.

Kuzima kwa Ajuza kulichelewa mpaka saa kumi na moja, maana fundi umeme alikataa kufumua pazia, akasema ni dhambi. Nililifumua mwenyewe. Wifi ndiye aliyebonyeza swichi. Kelele ilishuka polepole kama mtu anayeishiwa na hoja, na chumba kikawa kimya hata tukasikia nzi. Wifi alisema vumbi limemwingia machoni. Alikuwa amelipangusa lote asubuhi, lakini sikumsahihisha.

Ana kiti chumba kipya, chini ya mapazia yangu. Mwezi wa pili tangu hapo, niko naye pale namletea chakula, simu ikalia. Mtaalamu, anapiga kutoka hospitali nyingine alikokwenda kuhamisha ajuza wa watu. Kipande akafungua sauti nami nisikie.

"Mama, nimefuata utaratibu wa kifamilia. Lakini kimsingi, familia imegoma."

"Uliwapangaje, baba?"

"Kwa heshima. Wakubwa kwanza. Babu, bibi, halafu baba, mama, watoto..."

Wifi alifumba macho, furaha imemjaa mpaka masikioni. "Ndiyo maana. Baba kamruka babu! Kwenye Unix heshima haiendi kwa umri, inakwenda kwa alfabeti."

"Ahaa," ikasikika kalamu inaandika. "Na wifi je, nimweke?"

"Wifi mweke mwisho. Anapenda kulalamika, lakini ndiye anayefunga."

Alipokata simu nikamwambia, haya, kwa kuwa sasa umekuwa bingwa wa mpangilio, Jumapili uje na msumeno unirekebishie kabati, mimi pia nataka kuona uso wangu kabla sijafa.

Akanitazama usoni kwa makini, upande huu na upande ule.

"Wifi," alisema, "endelea kutazama viatu."